Kupanda milima mirefu bila kuugua: mwongozo kamili wa ugonjwa wa mwinuko kwa wasafiri wa Goma

Kijana wa mtaa wa Himbi anayecheza mpira kila Jumapili anaweza kuangushwa na maumivu ya kichwa usiku wake wa kwanza juu ya volkano ya Nyiragongo, huku mama wa makamo aliyepanda polepole nyuma yake ameketi anakunywa chai. Si kwamba kijana ni dhaifu. Ugonjwa wa mwinuko haupimi misuli. Unampata mwanamichezo na mtu wa ofisini, mgeni na mwenyeji, na mara nyingi wenye nguvu ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu miguu yao inawafikisha juu kabla mwili haujazoea.

Mwongozo huu ni wa watu wetu wa Goma, na wa Bukavu pia, wanaopanga kwenda Karisimbi, Ruwenzori, Kilimanjaro, au Nyiragongo siku ikifunguliwa. Mambo ni mengi, lakini yakikushinda yote, shika hili: anayekufa mlimani kwa ugonjwa huu kwa kawaida alikuwa na dalili saa nyingi kabla, akazificha au akaendelea kupanda nazo. Dawa ya kweli ni kushuka, na wakati mzuri wa kushuka ni pale mgonjwa bado anatembea kwa miguu yake.

Kwa nini mwinuko unaumiza

Oksijeni ni karibu asilimia 21 ya hewa, iwe ufukweni mwa Ziwa Kivu au kileleni mwa Kilimanjaro. Kinachopungua kadiri unavyopanda ni uzito wa hewa yenyewe, kwa hiyo kila pumzi inaingiza oksijeni kidogo kuliko ya jana. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hapa tayari tunapata zaidi kidogo ya asilimia 80 ya oksijeni anayoivuta mtu wa Mombasa. Ukingoni mwa Nyiragongo, mita 3,470, inabaki karibu theluthi mbili. Kileleni mwa Kilimanjaro, mita 5,895, inabaki nusu. Anayetaka kuliona jambo hili kwa macho yake apike maharage huko juu: maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 90, na maharage yanashinda motoni bila kuiva.

Mwili una njia zake za kujitetea. Unapumua kwa kasi zaidi, moyo unaenda mbio, figo zinatoa mkojo mwingi, na baada ya siku nyingi damu inaongeza chembe nyekundu. Kazi hiyo inataka siku kadhaa. Ukipanda haraka kuliko inavyokwenda, ndipo ugonjwa unapoingia.

Je, kuzaliwa Goma kunatulinda? Kidogo, ukitulinganisha na aliyeshuka jana kwenye ndege kutoka Kinshasa. Lakini nimewasikia vijana wakisema «sisi ni watu wa milima» kana kwamba hiyo ni chanjo, na hilo linanitia hofu. Ugonjwa huanza kuonekana kuanzia mita 2,500 hivi. Kati ya nyumba yako na kambi ya mita 4,000 kuna mwinuko ambao mwili wako haujawahi kulala ndani yake.

Jua mlima unaouendea

Swali la kwanza ni hili: nitalala wapi, na kwa mita ngapi? Mahali pa kulala ndipo penye uamuzi, kuliko hata kilele.

Kahuzi, karibu na Bukavu, ina mita 3,308. Watu hupanda na kushuka siku hiyohiyo, na kwa kuwa dalili mara nyingi huchukua saa 6 hadi 12 kujitokeza, wengi huwa wamesharudi chini kabla ya kichwa kuuma. Hatari ni ndogo.

Nyiragongo watu huiita mlima mwepesi, nami sikubaliani nao. Unaanzia Kibati, karibu mita 2,000, unapanda kwa saa tano hivi juu ya mawe makali ya lava, kisha unalala karibu na ukingo wa kreta. Yaani unapanda karibu mita 1,500 kwa mchana mmoja, halafu unalala juu ya mita 3,000 usiku huohuo. Kwa hesabu za madaktari wa milimani, hiyo si safari ya hatari ndogo. Tena dalili zinakuja usiku wa manane, kwenye baridi, ambapo kushuka ni kugumu. Safari za kupanda zilisimamishwa baada ya mlipuko wa tarehe 22 Mei 2021. Pata jibu la mbuga ya Virunga yenyewe kabla ya kupanga chochote, na usikubali mtu akupitishe njia za panya.

Karisimbi, mita 4,507, ndiyo inayodanganya zaidi. Kwa upande wa Rwanda inapandwa kwa siku mbili: unavuka mpaka, unafika Kinigi, unapanda hadi kambi ya karibu mita 3,700, unalala, na kesho yake unakwenda kileleni. Mtu aliyelala nyumbani kwake Goma juzi, leo analala kwa mita 3,700. Huko ndiko ningemshauri karibu kila mtu azungumze na daktari kuhusu dawa ya kinga, na alale angalau usiku mmoja au miwili Kinigi, ambako tayari ni juu ya mita 2,000.

Ruwenzori, kwa upande wetu kutokea Mutwanga, ina vibanda kama Kalonge, karibu mita 2,100, kisha Mahangu, karibu 3,300, kisha Kiondo, zaidi ya 4,000. Tazama hizo ngazi: kila moja ni ndefu. Anayepanga kufika Margherita, mita 5,109, aongeze usiku wa pili Mahangu, tena mvua na matope ya huko yatamfanya ashukuru kupumzika.

Kilimanjaro ina njia nyingi. Ya Marangu inakulaza Mandara, mita 2,720, Horombo, mita 3,720, kisha Kibo, karibu 4,700. Kila usiku unaruka mita 1,000, na hiyo ni nyingi mno. Ukiichagua, lipia siku sita badala ya tano, ulale Horombo mara mbili. Machame kwa siku saba ni bora: inakupandisha hadi karibu mita 4,600 pale Lava Tower, kisha inakushusha kulala Barranco chini ya mita 4,000. Siku moja ya nyongeza inagharimu pesa, najua. Bado ni kinga kubwa kuliko kidonge chochote.

Hatua ya 1: Jipime kabla ya kulipa

Kuna watu ambao ni lazima wamwone daktari kwanza. Kwetu hapa wa kwanza kabisa ni wenye ugonjwa wa selimundu, wale tunaowaita SS. Oksijeni ikipungua, chembe zao za damu hujikunja na kuziba mishipa, na maumivu makali yanaweza kuanza hata karibu na mita 2,000. Kwa SS jibu langu ni usipande, na nalisema kwa upendo. Mwenye AS, yaani aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu, mara nyingi hupanda bila shida, lakini wapo waliopata maumivu makali upande wa kushoto chini ya mbavu kwa sababu wengu umekosa damu. Watu wengi mjini hawajui hali yao. Kapime, na ukiwa AS mwambie kiongozi wako wa safari.

Wengine ni wenye ugonjwa wa moyo au mapafu, mwenye presha isiyotulia, mama mjamzito, mwenye kisukari, na yeyote ambaye mapafu yake yaliwahi kujaa maji mlimani. Huyo wa mwisho anaweza kuupata tena kwa urahisi na anahitaji mpango wake mwenyewe na daktari. Mtoto mdogo hawezi kusema kichwa kinamuuma. Anakuwa mkaidi, anakataa kula, anakosa usingizi. Usimpeleke kulala juu ya mita 3,000 kwa ajili ya picha tu.

Kama una homa wiki ya safari, ahirisha. Mafua na kifua vinaongeza hatari ya mapafu.

Hatua ya 2: Panga usiku, siyo mchana

Kanuni ni rahisi kuiandika, ngumu kuiheshimu. Ukishavuka mita 3,000, mahali unapolala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500. Na kila baada ya siku tatu au nne, lala mahali palepale usiku wa pili. Mchana unaweza kupanda juu zaidi ya hapo, mradi usiku urudi chini. Ndiyo maana waongozaji wa Kilimanjaro wanasema panda juu, lala chini.

Milima yetu haina kambi kila mita 500, kwa hiyo mara nyingi utalazimika kuvunja kanuni kwa usiku mmoja. Basi lipa deni hilo kwa usiku wa mapumziko kabla au baada yake. Chukua karatasi, andika kila usiku na mita zake, na uangalie wapi ngazi ni ndefu. Kampuni ya utalii isiyoweza kukupa namba hizo haijui inakokupeleka.

Hatua ya 3: Dawa ya kinga

Dawa inayojulikana zaidi ni asetazolamidi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Diamox. Haifichi ugonjwa, inausaidia mwili upumue vizuri zaidi na uzoee haraka. Kwa mtu mzima kinga ni miligramu 125 asubuhi na 125 jioni. Vidonge vingi ni vya miligramu 250, kwa hiyo ni nusu kidonge mara mbili. Anza siku moja kabla ya kupanda, endelea hadi siku mbili baada ya kufika mahali pa juu pa kulala, au hadi unapoanza kushuka. Daktari ndiye atakayesema kama inakufaa.

Utakojoa sana. Vidole na midomo itachonyota, na soda au bia ya Primus itakuwa na ladha mbaya. Hayo si ya kutisha. La kutisha ni hili: asetazolamidi ni ndugu wa dawa za salfa. Kama uliwahi kuvimba uso au kubabuka ngozi baada ya Bactrim au Fansidar, mwambie daktari kabla ya kuigusa. Mwenye figo au ini bovu vilevile, na mama mjamzito. Ijaribu nyumbani siku chache kabla ya safari, ili isikushangaze mlimani. Na inunue kwenye famasi inayojulikana, ikiwa na karatasi na tarehe yake, si kwenye sahani ya muuzaji wa barabarani.

Deksamethasoni ni habari nyingine. Inapunguza uvimbe wa ubongo na ni dawa ya kuokoa maisha, lakini haimsaidii mtu kuzoea mwinuko. Anayeimeza ili apande haraka anafunika dalili, na ikiisha mwilini wakati bado yuko juu, ugonjwa unarudi kwa nguvu. Niseme wazi pia: mjini kuna watu wanaoimeza ili wanenepe. Kama wewe ni mmoja wao, usikubali aibu ikunyamazishe mbele ya daktari, kwa sababu kuikata ghafla baada ya kuitumia muda mrefu kunaweza kukuangusha hata bila mlima.

Ibuprofeni inasaidia kiasi kwa asiyeweza kutumia asetazolamidi, ila si nzuri kwa mwenye vidonda vya tumbo. Makasu, yaani kola za kutafuna, yanakuchangamsha tu. Hayaongezi oksijeni, na uchovu unaoondolewa na makasu ni taarifa uliyoihitaji.

Hatua ya 4: Begi

Nguo za joto zinapatikana Birere kwenye mitumba kwa bei ya kawaida: koti zito, kofia ya sufu, glovu mbili mbili, soksi nene. Baridi inaubana mwili na kuongeza mzigo kwenye mapafu, kwa hiyo hili si la urembo. Kwenye mfuko wa dawa weka parasetamoli, dawa ya kuzuia kutapika, chumvi ya kurudisha maji mwilini (ORS), vipimo vya haraka vya malaria, na kipimajoto. Kikundi kinachokwenda juu ya mita 4,000 kiwe na deksamethasoni na nifedipini, dawa ya presha, ile ya kutoka polepole mwilini, pamoja na karatasi ya daktari inayoeleza dozi, na ikiwezekana chupa ya oksijeni.

Kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni kinachosoma oksijeni ya damu ni kizuri, lakini msikitegemee peke yake. Kidole baridi au chenye rangi ya kucha kinasoma uongo. Juu ya mita 3,500 namba ya 85 si ajabu. Linganisha na namba ya mtu huyohuyo jana, na ya wenzake leo. Aliye chini sana ya wenzake wote, mwangalie kwa makini hata kama anacheka.

Hatua ya 5: Siku ya kutembea

Tembea mwendo unaokuruhusu kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi. Asiyeweza anakwenda kasi mno, hata kama yuko nyuma ya wote. Mwenye kuweka mwendo wa kikundi awe yule wa polepole zaidi.

Kunywa maji hadi mkojo uwe mweupe, bila kujilazimisha lita nyingi kupita kiasi, maana maji mengi mno bila chumvi nayo yanaumiza kichwa. Chakula cha wanga kinakwenda vizuri huko juu: viazi, mkate, ndizi, wali, uji. Mafuta mengi yanakaa tumboni. Jibini ya Masisi chukua, lakini kwa vipande. Chai ya tangawizi inatuliza tumbo na kuwapa watu sababu ya kukaa pamoja na kutazamana usoni, na kutazamana usoni ni nusu ya kinga.

Pombe hapana, hata chupa moja ya kusherehekea. Tramadoli ya maumivu, diazepamu na vidonge vingine vya usingizi hapana kabisa. Vinapunguza kupumua wakati wa kulala, saa ileile oksijeni ya damu inaposhuka zaidi.

Hatua ya 6: Maswali ya kila jioni na kila asubuhi

Hapa ndipo ningependa msomaji akae muda mrefu. Ugonjwa huu haugunduliwi kwa mashine. Unagunduliwa kwa kuuliza. Madaktari hutumia kipimo kinachoitwa Lake Louise, kwa jina la mahali huko Kanada. Kina mambo manne: kichwa kuuma, tumbo (kichefuchefu, kutapika, kukosa hamu ya kula), uchovu, na kizunguzungu. Kila jambo linapewa alama, 0 kama halipo, 1 kidogo, 2 kiasi, 3 vibaya. Kichwa kikiuma na jumla ikafika 3, mtu huyo ana ugonjwa wa mwinuko. Kuanzia 3 hadi 5 ni mwepesi, 6 hadi 9 ni wa kati, 10 hadi 12 ni mkali.

Usiulize «uko sawa?» mbele ya kikundi. Kila mtu atajibu «niko muzima, yaya, twende tu». Muulize kando, jambo moja moja: kichwa vipi, umekula kiasi gani, umetapika, ulikojoa saa ngapi. Kisha angalia anavyofanya kuliko anavyosema. Aliyeacha sahani imejaa, aliyekaa peke yake, aliyekuwa msemaji na sasa amenyamaza, anayekasirika bila sababu, anayeshindwa kufunga kamba za viatu, hao wanakuambia jambo.

Jaribio la mstari lifanyike jioni kwa wote. Chora mstari wa hatua kumi chini, mtu atembee kisigino kikigusa kidole cha mguu mwingine, aende na kurudi. Fanyeni hata mkiwa salama, ili mjue kila mmoja anatembeaje akiwa mzima. Anayeyumba kama mlevi bila pombe ana dalili ya ubongo kuvimba. Karibu na kreta ya Nyiragongo, mtu wa namna hiyo asiachwe hata dakika moja asimame peke yake, hata kwenda haja.

Swali jingine la asubuhi: unapata pumzi ukiwa umekaa tu? Kila mtu huhema akipanda. Anayehema akiwa amelala yuko kwenye hatari.

Kanuni ya jumla: juu ya mita 2,500, kila ugonjwa uuchukue kuwa ni wa mwinuko hadi uthibitike kuwa ni kitu kingine.

Hatua ya 7: Mtu akiugua

Ukiwa mwepesi, asipande tena. Abaki palepale, apumzike, anywe maji, apewe parasetamoli au ibuprofeni. Wengi hupata nafuu ndani ya siku moja au mbili. Daktari anaweza kuongeza asetazolamidi miligramu 250 mara mbili kwa siku kama tiba. Dalili zikiisha kabisa, bila dawa ya maumivu kuzifunika, ndipo aendelee. Zikizidi, au zisipoisha, anashuka. Asishuke peke yake.

Ubongo ukivimba, mtu anayumba, anachanganyikiwa, anasema mambo yasiyoeleweka, analala na haamki vizuri. Hapo hakuna kusubiri asubuhi. Shusheni sasa, usiku, mvuani, mita 300 hadi 1,000 au zaidi, mpaka apate ahueni. Mpeni oksijeni kama ipo. Deksamethasoni miligramu 8 mara ya kwanza, kisha miligramu 4 kila saa 6, kwa mdomo au sindano. Ikimpa nafuu, msidanganyike kusimama. Inawanunulia muda wa kushuka na haiponyi.

Mapafu yakijaa maji, mara nyingi ni usiku wa pili au siku chache za mwanzo huko juu. Nguvu zinaisha kwa kishindo, anahema akiwa amekaa, anakohoa kikohozi kikavu na baadaye chenye povu, wakati mwingine la rangi ya waridi, kifua kinabana, midomo inakuwa ya samawati. Huu ndio unaoua zaidi kati ya yote. Homa kidogo inaweza kuwepo, na ndiyo inayowafanya watu waseme ni nimonia wampe antibiotiki na kumlaza. Mshusheni. Abebwe kadiri inavyowezekana, maana kutembea kunazidisha maji mapafuni. Abebwe akiwa ameinuliwa kifua na kufunikwa vizuri. Oksijeni ndiyo dawa ya kwanza baada ya kushuka. Kama haipo, nifedipini ya kutoka polepole miligramu 30 kila saa 12 inasaidia. Ile ya kuyeyuka haraka msitumie, inaweza kuangusha presha.

Magonjwa haya mawili yanaweza kumjia mtu mmoja kwa pamoja. Mkiwa na shaka, shusheni na mpeni oksijeni. Kushuka mapema ni salama kuliko kungoja.

Kwa mbuga zote, kiongozi au mlinzi apewe habari mara moja. Wao wanajua njia fupi ya machela na wana mawasiliano ya redio. Kuna pia mfuko wa shinikizo, ambao mgonjwa anawekwa ndani na hewa inapampiwa kwa mguu, kama kwamba ameshushwa. Unatumika pale njia imefungwa kwa dhoruba au giza. Hauchukui nafasi ya kushuka.

Wapagazi

Mpagazi anaugua kama wewe. Anabeba mzigo wako na chakula chake, mara nyingi kwa koti jepesi kuliko lako, na anajua akisema anaumwa anaweza kupoteza mshahara wa siku na kazi ya wiki ijayo. Ndiyo maana ananyamaza. Kabla ya kuondoka, kikundi kitamke mbele yao wote kwamba atakayeugua atalipwa siku zake kamili, na atashushwa na mtu. Halafu muwahesabu kwenye maswali ya jioni pamoja na mstari. Papa mwenye watoto sita hapaswi kufa kwenye hema la jikoni kwa sababu hakuna aliyemuuliza kichwa chake.

Yanayofanana na ugonjwa wa mwinuko

Malaria ndiyo ya kwanza. Kichwa, kutapika, uchovu: ni zilezile. Kwa mtu aliyetoka Goma au Uvira wiki iliyopita, homa inaweza kuwa malaria mpaka apimwe. Mpime hapohapo, lakini kipimo kikiwa chanya msiache kumshusha. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili, na malaria juu ya mita 3,000 ni mzigo mbaya.

Ya pili ni moshi. Baridi ikizidi, kuna anayeingiza mbabula yenye makaa ndani ya hema na kufunga zipu. Makaa yanatoa gesi isiyo na harufu inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Watu wanaamka na maumivu ya kichwa, au hawaamki. Kama watu watatu wa hema moja wanaumwa kichwa kwa pamoja na wa mahema mengine ni wazima, fungueni hema kwanza. Mbabula ibaki nje, siku zote.

Mazuku, ile gesi ya kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini, tunayajua sisi wenyewe. Gesi hiyo nzito inakaa kwenye mabonde na mashimo ya ardhi ya lava, hasa asubuhi kukiwa hakuna upepo. Msipige hema kwenye shimo kwa kukwepa upepo, na mkiona wanyama au ndege wamekufa bondeni, msiteremke humo kuangalia. Kwa mazuku mtu anapelekwa juu, kwenye hewa. Kwa mwinuko anapelekwa chini. Aliyeanguka ghafla shimoni, fikirieni mazuku, na mwokoaji asiingie bila kufikiri.

Njaa, kukauka mwili na baridi kali navyo vinaleta uchovu na kizunguzungu. Mpe chai yenye sukari na nguo kavu, ukae naye saa moja. Akirudi kuwa yeye, vizuri. Asiporudi, uichukulie kuwa ni mwinuko.

Baada ya kushuka

Ugonjwa mwepesi mara nyingi unaisha mtu akifika chini, na anaweza kwenda nyumbani. Aliyekuwa na dalili za ubongo au mapafu apelekwe hospitali yenye oksijeni hata kama anajiona mzima, apigwe picha ya kifua. Andikeni kwenye karatasi na kuituma naye: mahali alipolala kila usiku na mita zake, saa dalili zilipoanza, dawa alizopewa na saa zake, na majibu ya kipimo cha malaria. Daktari wa mjini huenda hajawahi kuona mapafu yaliyojaa maji kwa sababu ya mlima, na karatasi hiyo itamzuia kumtibu nimonia pekee.

Apumzike hadi kikohozi kiishe na pumzi irudi sawa akipanda ngazi. Akitaka kupanda tena siku nyingine, aende na historia yake kwa daktari, apange usiku wake kwa ngazi fupi zaidi, na kiongozi mpya aambiwe kilichotokea kabla ya kufunga mizigo.